Chupa ya Sihaba

Mbegani, Bagamoyo
9 Machi 1978

Mdogo wangu Seleman,

Ni kwa huzuni kubwa ninakutangazia kifo cha kofia yangu ya viua, ile niliyoivaa kwenye harusi ya Mwinjuma, kilichotokea Jumapili asubuhi uani kwangu. Marehemu aliliwa na beberu wa jirani yangu Bi Chausiku wakati nikinawa uso. Hakukuwa na maziko, kwa sababu maiti yote imo tumboni mwa mshtakiwa, na mshtakiwa bado ananitazama kama anayeuliza iko wapi nyingine. Marehemu ameacha upara mmoja. Ndugu na jamaa mnaombwa kuwa na subira.

Sasa habari za dada yako Sihaba. Ule uvimbe wa ziwa la kushoto daktari wa hapa ameutoa Jumatatu hii. Umetoka mzima, mkubwa kama tunda la kungu. Sihaba hajambo. Amekwisha kurudi Kerege kwa mumewe, anamnyonyesha Hija kwa ziwa la kulia na kulalamika kwamba shemeji yako hajui kupika hata uji. Ile nyama iliyotolewa, muuguzi Dija aliitia kwenye chupa yenye maji makali, akakizungushia kifuniko plasta mara tatu, akaandika jina, akanikabidhi niisafirishe kwenu maabara. Fikiria, mtu asiyeweza kulinda hata kofia yake.

Nimempa Bwanausi, dereva wa basi la asubuhi, Jumanne. Itakuwa imeshafika. Wala msijisumbue kuharakisha. Mtu amekwisha kutolewa uvimbe wake, majibu ni ya kuweka kwenye faili tu.

Nisalimie watoto.

Kaka yako,
Mwishehe


Dar es Salaam
27 Machi 1978

Kaka Mwishehe,

Shikamoo. Pole kwa msiba wa kofia. Chupa haijafika.

Nimeangalia daftari la mapokezi la tarehe 7 mpaka jana. Nimeangalia rafu, nimeangalia chini ya rafu. Mzee Pazi, karani wetu anayepokea chupa zote, anasema hakuletewa kitu kutoka Bagamoyo wiki ile. Tulitoleana maneno mbele ya watu, mimi na yeye, na ana umri wa kunizaa. Kaka, hebu muulize huyo Bwanausi aliiacha kwa nani.

Tena hilo la kusema majibu ni ya faili, usilirudie. Daktari wa huko Bagamoyo ameandika kwamba uvimbe ulikuwa mgumu na umeshikamana na nyama ya pembeni. Hiyo si dalili ya kupuuza. Nitakueleza kazi yetu kwa lugha ya nyumbani. Ziwa lina vijumba vidogo vidogo vya maziwa, na kila kijumba kimezungushiwa ua wa seli. Ndani ya ua kukiwa na msongamano na vurugu, lakini ua ni mzima, hiyo si kansa. Ua ukivunjika, wa ndani wakatoka wakaenea mitaani, hiyo ndiyo yenyewe. Mimi hukikausha kipande, nikakigandisha ndani ya nta, nikakikata kwembamba kuliko karatasi ya sigara, nikakitia rangi, waridi na zambarau, daktari akatazama kwenye hadubini. Mara nyingi inatosha. Lakini zipo nyama ambazo zimebanana mpaka ua hauonekani, na daktari hubaki anakuna kichwa.

Sasa mwaka huu amekuja daktari mgeni na jambo jipya. Ana vichupa vya maji ya damu ya sungura. Sungura huyo alichomwa sindano ya kitu kilichomo kwenye seli za ua, damu yake ikatengeneza kinga inayokamata kitu hicho na si kingine. Tunaipaka juu ya kipande, kisha tunatia dawa ya kuifuata, na palipo na ua panageuka kahawia. Ndiyo kwanza tunajifunza, na vichupa ni vichache, lakini nimemwomba amwekee Sihaba sehemu yake na amekubali. Ninachokosa ni hiyo nyama tu.

Mdogo wako,
Seleman


Mbegani
5 Aprili 1978

Mdogo wangu Seleman,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Sikujua kwamba sungura wa Ulaya wamefikia cheo cha kutafuta kansa. Hapa kwetu kazi yao ni kula mihogo ya watu.

Kuhusu chupa, mimi nilimpa Bwanausi mkononi. Bwanausi anasema aliiacha hapo mlangoni penu kwa mzee mmoja mwenye miwani. Sasa wewe mwenyewe ndiye unayejua ni mzee gani mwenye miwani anakaa mlangoni penu. Sitaki kumtia mtu lawamani, lakini watu wakizeeka husahau, mimi mwenyewe ni shahidi, juzi nilivaa kanzu nyuma mbele mpaka adhuhuri na hapa Mbegani hakuna aliyekuwa na huruma ya kuniambia.

Nakuomba pia usimtie Sihaba hofu. Wewe ulikuwa mdogo mama alipougua. Mimi ndiye niliyekuwa nikibadilisha vitambaa. Najua hofu inavyoingia kwenye nyumba, na ikiingia haitoki kwa kufagiliwa. Mwacheni dada yenu amlee mtoto wake.

Beberu ameanza kuyatazama makubazi yangu.

Kaka yako,
Mwishehe


Dar es Salaam
19 Aprili 1978

Kaka,

Shikamoo.

Nilimpelekea mkuu wa maabara barua yako. Nilimsomea pale uliposema mzee mwenye miwani. Mzee Pazi amesimamishwa kazi tangu Ijumaa. Ana miaka ishirini na miwili pale mlangoni, na hajawahi kupoteza hata kipande cha ngozi. Aliniambia mbele ya wote, "Seleman, mimi nimepokea miguu ya watu kwenye ndoo nikaiandika jina na tarehe. Ya dada yako ningeificha nikaifanye nini?" Aliondoka na birika lake la chai, sina hamu ya kuuona tena mlango ule.

Na sasa nina swali, na nataka unijibu bila beberu wala kanzu. Wewe ni karani wa stoo. Mvuvi akija kwako kuchukua kipande cha uzi unamtaka atie sahihi, asipojua kuandika unamshika kidole unakichovya kwenye wino. Nimekuona kwa macho yangu. Ilikuwaje ukampa dereva wa basi nyama ya mwili wa dada yetu bila karatasi?

Daktari wa upasuaji wa hapa ameamua. Bila majibu hawezi kubahatisha, na kwa kuwa uvimbe ulishikamana, ataliondoa ziwa lote pamoja na tezi za kwapani. Tarehe ni 15 Mei. Nimekwisha kumwandikia Sihaba. Wewe ulisema nisimtie hofu. Hofu ningeiondoa kwa kioo kimoja chenye rangi ya kahawia, kama ningekuwa na kitu cha kupaka.

Nimekasirika, kaka. Nimekasirika na ofisi hii, na barabara, na basi, na sijui niishushe wapi.

Seleman


Kerege
30 Aprili 1978

Kaka Mwishehe,

Shikamoo yako ipo. Sikuandikii leo. Utaipata siku utakayoniambia kweli.

Ninaandika mwenyewe kwa mkono niliofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, mume wangu sikumwita, kwa hiyo herufi zikipinda uzisome hivyo hivyo.

Basi la Bwanausi linapita hapa Kerege kila siku, asubuhi linakwenda, jioni linarudi. Hilo ulilisahau. Umekaa Mbegani unaandika barua kwa Seleman kana kwamba barabara hii mimi siioni. Jumanne nilisimama kituoni mpaka alipofika. Nikamuuliza, Bwanausi, chupa yangu ulimpa nani Dar? Akazima gari. Abiria wakaanza kupiga kelele, hakuwajali. Akaniambia, "Bi Sihaba, kaka yako alikuja stendi siku ile na kikapu. Nikamuuliza kama ana mzigo. Akasema hana." Akaapa mbele ya abiria wake wote, na wewe unajua Bwanausi haapi.

Kwa hiyo hakuna mzee mwenye miwani. Kuna wewe.

Nyama ni yangu. Ilikatwa kwangu. Nililala upande mmoja siku saba kwa maumivu. Hukuniuliza. Tangu barua ya Seleman ilipofika nimemwachisha Hija ziwa, maana nitalazwa wiki nyingi na mtoto lazima azoee uji. Ana miezi kumi. Usiku wa kwanza alilia akinipapasa, na mimi nilikuwa nimejipaka shubiri. Usiku wa tatu hakunipapasa tena. Maziwa yamekauka. Hata nikiyataka leo hayarudi.

Nataka kujua chupa iko wapi. Usinifanyie mzaha.

Sihaba


Mbegani
2 Mei 1978

Sihaba,

Ni kweli. Sikumpa Bwanausi.

Njoo Alhamisi kwa basi lake la jioni. Nitakuwa stendi. Nitakuwa na jembe.

Mwishehe


Dar es Salaam
22 Mei 1978

Kaka,

Ulipoingia mapokezini na ile chupa ina udongo shingoni, umeikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa, sikukusalimia na sikuja kukusindikiza. Najua uliona. Sikusahau.

Majibu ni haya. Plasta ya Dija ilishika, maji hayakuvuja, nyama haikuoza. Nilikata, nikatia waridi na zambarau. Madaktari wawili walitazama, mmoja akasema kansa, mwingine akasema hana hakika, vijumba vilikuwa vimebanwa na kupindwa mpaka huwezi kusema ua uko wapi. Tukaenda kwa sungura. Mara ya kwanza hatukupata kitu, kioo cheupe kabisa. Daktari mgeni akaniambia sababu: nyama ikikaa miezi miwili kwenye maji yale, kile kitu ambacho kinga inakitafuta kinafungwa, haikipati tena. Ilitakiwa ikae siku moja, mbili. Kwa hiyo ulichokifanya ni kukaribia kutupofusha, na nataka ulijue hilo kwa jina lake.

Upasuaji ulisogezwa wiki moja tu, si zaidi. Nilikata tena kutoka katikati ya kipande, nikaacha dawa ilale juu yake muda mara tatu ya kawaida, na vichupa vikabaki viwili. Siku ya Alhamisi rangi ilitoka. Hafifu, kama chai ya mara ya pili, lakini ilitoka. Kila kijumba, hata vile vilivyominywa vikawa kama uzi, kina ua wake mzima. Daktari alitazama saa nzima, akanipisha nikatazama. Si kansa. Haikuwa kansa tangu Machi.

Ziwa la Sihaba halitaondolewa. Nilimpelekea habari mwenyewe. Hakulia, hakucheka. Aliuliza, "Kwa hiyo ningejua lini?" Nikamwambia, tarehe 20 Machi hivi. Akahesabu kwa vidole mpaka siku aliyomwachisha Hija. Kisha akaingia ndani.

Mkuu wa maabara hamrudishi Mzee Pazi kwa maneno yangu, maana ni maneno yangu yaliyomwondoa. Anataka maandishi yako na sahihi yako. Andika kwa Mzee Pazi mwenyewe. Andika kila kitu.

Seleman


Mbegani, Bagamoyo
8 Juni 1978

Mzee Pazi,

Shikamoo. Hunijui, na hiyo ndiyo sababu yote ya mabaya niliyokufanyia, kama utakavyoona huko chini. Jina langu ni Mwishehe Kombo, karani wa stoo, umri miaka arobaini na saba. Barua hii unayo ruhusa kumwonyesha mkuu wako na mtu yeyote umtakaye, na nimeitia sahihi kila ukurasa.

Chupa ya dada yangu haikupotea mlangoni kwako. Haikufika mlangoni kwako. Tarehe 7 Machi niliichukua kwenye kikapu mpaka stendi, dereva akaniuliza kama nina mzigo, nikasema sina. Kisha nikaenda makaburini, pale alipolala mama yetu Mwanahija, nikachimba kwa panga upande wa miguu yake na kuizika.

Nilikwenda na kipande cha bafta. Nia ilikuwa kuitoa nyama kwenye chupa, kuivika sanda yake ndogo na kuilaza udongoni kama inavyopasa. Nikabandua plasta, nikafungua, mvuke wa yale maji makali ukanipanda puani na machoni, nikakaa chini nikilia kama niliyechapwa. Nikakifunga kifuniko haraka, nikarudisha plasta, nikaikaza, nikaizika chupa na maji yake, nikaisomea Fatiha. Seleman anasema hilo ndilo lililoiokoa. Naomba usinipe sifa yoyote hapo. Niliifunga kwa sababu macho yaliniuma.

Mtu akiniuliza kwa nini, nilikuwa na jibu tayari. Kwetu kiungo cha Mwislamu kikitoka mwilini kinazikwa, hakiachwi kuzagaa, wala hakikatwi vipande na watu wasiomjua. Jibu hilo nilijipa mwenyewe miezi miwili na lilikuwa tamu. Baada ya kufukua nilikwenda kwa Shehe Mwinyijuma kulisema mbele yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Kinapimwa kwanza, kinazikwa baadaye. Na wewe hukuja kuniuliza mwezi wa Machi kwa sababu ulijua nitakachokujibu."

Basi kweli ni hii. Mama yetu alikuwa na uvimbe kama huo, mwaka 1951. Alikuwa akitwanga, akiteka maji, akitugombeza. Siku daktari alipomtajia ugonjwa alirudi nyumbani akageukia ukutani, na baada ya siku arobaini na moja tulimzika. Nilikuwa na miaka ishirini. Nikaona kwamba jibu ndilo lililomuua. Nikasema la Sihaba halitatajwa.

Nilipofika hapo kwenye barua hii niliweka kalamu, nikaenda kunywa chai, nikaridhika na nafsi yangu. Mtu aliyempenda mama yake, aliyemlinda dada yake. Halafu nikarudi nikaisoma tena, na nikaona bado nakudanganya.

Siku zile arobaini na moja mimi ndiye niliyemuuguza. Baba alikuwa safarini, Sihaba na Seleman walikuwa watoto. Nilisafisha kidonda, nilifua vitambaa, nilikaa na harufu ile. Katika siku za mwisho nilikuwa nikiomba afe nipumzike. Nilipokabidhiwa chupa ile na muuguzi, sikumwona Sihaba. Niliona vile vitambaa. Niliiogopea nafsi yangu, Mzee Pazi. Niliogopa kuuguza tena. Nilichokizika pale ni zamu yangu.

Na kukutaja wewe. Seleman alipoandika kwamba mmegombana, nilihitaji mtu wa kubeba, na ndani ya barua yake mlikuwa na watu wawili, ndugu yangu na mtu nisiyemjua. Nikachagua nisiyemjua. Sikujua hata kama una miwani. Niliibuni tu, na kwa bahati mbaya yako unayo. Sina la kukuomba. Ukitaka kuja Mbegani kunitukana, niko stoo kila siku isipokuwa Jumapili, na nitawaita wavuvi wasikilize.

Kuna jambo moja limebaki, na kwa kuwa niliahidi kuandika kila kitu, naliandika. Kipande cha nyama kilichobaki kwenye chupa Seleman alimrudishia Sihaba. Jumamosi iliyopita nilikwenda Kerege na kanga doti mbili na mkungu wa ndizi. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanipa maji. Hija alikuwa akila uji kwa kijiko chake mwenyewe. Nilingoja salamu, haikuja, na sikuwa na uso wa kuidai. Nikamwambia kwamba ningependa kusaidia kukizika kile kilichobaki, safari hii kwa haki yake. Akasema amekwisha kukizika, yeye mwenyewe, kwa bafta. Nikamuuliza ni wapi, walau nikapasomee.

Akamfuta mtoto mdomo, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa Machi.

"Nimempa Bwanausi," akasema, "dereva wa basi la asubuhi."

Wako mkosefu,
Mwishehe Kombo